Mgeni Hive: ajipange vipi ili mwaka ukiisha awe bado anaandika?

binti_tudor

Assalamu alaikum jamani. Swali lamhusu mtu aliyeko hapa Mombasa, anaandika Hive (mtandao wa kuandikia ambako machapisho yakipigiwa kura hulipwa kwa sarafu za kidijitali) kwa simu, na akaunti yake haijatimiza mwezi. Machapisho manane, lililolipwa vizuri zaidi senti 40 za dola, mengine sifuri kabisa. Siulizi njia ya kutajirika, hiyo tumeshaisikia ya kutosha kwenye makundi ya WhatsApp. Nataka kujua aandike mara ngapi, ahesabu nini, na pesa azishughulikie vipi, ili asije akachoka mwezi wa tatu kama wengi wanavyochoka. Na mbona chapisho la mtu laonyesha dola 4 halafu anayeandika anaambulia dola 1? Wenye kujua kwa vipimo, tafadhali. "Jitahidi tu, utafika" nimeshaambiwa.

fundi_makupa

Waalaikum salam dada. Nianze na hiyo dola 4, maana ndiyo inayowavunja watu moyo, na haina dhuluma ndani yake.

Chapisho hukaa siku 7 likipigiwa kura, kisha hulipwa. Hiyo 4 ni jumla. Nusu yake ni ya waliopiga kura, kwa hivyo dola 2 zishaondoka. Dola 2 za mwandishi nazo hugawanywa: moja huja kwa HBD, sarafu iliyofungamanishwa na dola ya Marekani, na nyingine huja kwa Hive Power, yaani hisa zake ndani ya mtandao. HBD aweza kuitoa siku hiyo hiyo. Hive Power haitoki kwa mkupuo. Akiamua kuiteremsha hutoka kwa mafungu 13, fungu moja kila wiki. Ukipiga kwa shilingi 129 hivi kwa dola, chapisho la "dola 4" ni shilingi 129 za kushika na nyingine kama hizo zimelala. Hizo sifuri zako nazo zina sababu: chapisho lisilofikisha senti 2 halilipwi kitu.

Jambo la pili ni uzito wa kura. Kura hupimwa kwa hisa za aliyeipiga, haihesabiwi vichwa. Wageni 60 wakikupigia huenda wasifikishe senti 1, na mtu mmoja mwenye hisa nyingi akakuletea dola 3. Ndiyo maana chapisho lenye kura 90 laweza kulipwa kidogo kuliko lenye kura 12. Mgeni akishaelewa hivyo huacha kutazama idadi ya kura kila dakika kumi, na bando lake linadumu.

Tatu, funguo. Hapa sina mzaha. Ukifungua akaunti unapewa neno kuu la siri, na ndani yake mna funguo nne: Posting, Active, Owner na Memo. Kila siku utumie Posting peke yake, kwa kuandika na kupiga kura. Active ni ya kuhamisha pesa. Memo ni ya ujumbe wa siri. Owner ni ya kubadilisha nyingine zote, hiyo isiguse simu unayopanda nayo matatu. Andika kwa mkono kwenye karatasi mbili, kisha zisome tena herufi kwa herufi: herufi kubwa na ndogo ni tofauti, na mara nyingi kosa linajificha hapo. Watu hupotea kwa njia ya kipuuzi mno: wanatuma HIVE (sarafu ya mtandao wenyewe), kisha kwenye sehemu ya memo, yaani ujumbe unaoambatana na pesa, wanabandika ufunguo uliokuwa umebaki kwenye ubao wa kunakili wa simu. Memo ya kawaida husomwa na dunia nzima. Kuna programu zinazosubiri makosa kama hayo usiku na mchana.

Funguo zikiibwa na mwizi akazibadilisha, una siku 30 za kuirejesha akaunti kupitia ile akaunti iliyosajiliwa kuwa ya urejeshaji, ambayo kwa kawaida ndiyo iliyokufungulia. Basi itazame sasa hivi ni ya nani. Ikiwa ni ya kijana aliyekufungulia barabarani na hujui aliko, ibadilishe kwa mtu unayemwamini. Mabadiliko yenyewe huchukua siku 30 kuanza kazi, kwa hivyo hayangoji mwizi aje kwanza.

mwalimu_bamburi

Fundi kamaliza ya pesa na funguo, mie niingie kwenye kuandika.

Mara mbili kwa wiki. Tatu ikiwa una la kusema. Sababu ni hii: mpigakura naye ana mipaka. Kura moja ya uzito kamili humla asilimia 2 ya nguvu zake, na nguvu hurudi asilimia 20 kwa siku, kwa hivyo ana kura kama 10 tu za kugawa kila siku kabla hajaanza kupungukiwa. Mtu huyo hawezi kukupa mbili. Ukichapisha kila siku, machapisho yako yanashindana yenyewe kwa yenyewe, na wewe huna nafasi ya kujibu waliokujia.

Chagua jambo moja la kuandikia kwa miezi mitatu, dogo kuliko unavyodhani. "Mombasa" ni kubwa mno. "Chakula cha Mombasa" bado kubwa. Vyakula vya asubuhi vya mitaani, hapo sawa. Mgeni huandika hivi: "Leo nimekula mahamri matamu sana, Mombasa raha." Haya, msomaji aliye Manila afanye nini na sentensi hiyo? Mwonyeshe unga uliokandwa usiku kwa tui la nazi na iliki, ukaachwa uumuke. Mwonyeshe mama anavyotupa kipande kidogo kwenye karai kwanza: kikizama na kukaa chini, mafuta bado, kikipanda mara moja huku kikitoa povu, tayari. Kisha lile hamri likiingia anavyolirushia mafuta juu kwa upawa, ndipo linapofura na kuwa tupu ndani. Mweleze kwa nini jingine halikufura: limesukumwa jembamba mno, au lilitiwa kabla mafuta hayajapata moto. Maneno 500 ya namna hiyo yana uhai kuliko 1,500 ya sifa. Wiki ijayo mbaazi za nazi. Wiki ya pili yake viazi karai, na ile chachandu ya ukwaju.

Picha ziwe zako mwenyewe, nne hadi sita zatosha. Jua la hapa likishapita saa tatu asubuhi huua rangi zote, ukapiga upya baada ya saa kumi jioni. Zipunguze zisizidi MB 1 kila moja, maana msomaji wako naye ana bando. Uombe ruhusa kwa mtu kabla ya kumpiga, na Mji wa Kale uombe mara mbili. Kivukoni Likoni kamera ibaki mfukoni, pale kupiga picha ni marufuku na askari hawatasikiliza habari za Hive.

Usichukue picha Google, wala maandishi ya mtu, wala usimpe kompyuta ikuandikie. Wapo watu kazi yao ni kukagua, na kura za kushusha zikipigwa ndani ya zile siku 7 malipo yaweza kurudi sifuri. Jina likishatiwa doa, machapisho safi ya baadaye nayo hayaguswi. Ukinukuu, weka kiungo na useme kiliko kipande kilichonukuliwa.

Lugha: andika Kiswahili chako sawasawa, kisha chini yake tafsiri ya Kiingereza uliyoifanya mwenyewe. Wenye hisa wengi hawasomi Kiswahili, lakini wanaona kama maandishi yana mwenyewe.

mzee_wa_kibokoni

Mwalimu, kwa heshima yako, hilo la lugha mbili mie silikubali kwa mgeni. Ni kazi maradufu kwenye kioo cha simu, na ndiyo inayowachosha. Mwezi wa kwanza aandike lugha inayomtoka bila kusukumwa. Iwe Kiswahili, aweke muhtasari wa mistari minne ya Kiingereza juu kabisa, basi.

Na nyote mmelipita lililo kubwa, nalo ni maoni. Hapa Mombasa huingii barazani kwa watu ukaanza kuhutubia. Unasalimu, unakaa, unapokea kikombe, unasikiliza wanazungumza nini, ndipo unatia lako. Hive ni vivyo hivyo, na mgeni anayefanya kinyume huona ukimya akadhani anachukiwa.

Saa moja ya kuandika iende na saa moja ya kusoma wengine. Maoni matano kwa siku yatosha, lakini yawe maoni. "Nice post" haihesabiwi, yaonekana kama ombaomba. Chukua mfano: mtu wa Venezuela, wapo wengi mle, ameandika jinsi ya kutengeneza arepa. Muulize: "Unga wenu wa mahindi hupikwa kwanza kabla ya kusagwa? Maana huku kwetu unga wa sima haushikani mkononi hivyo, unapasuka kandoni." Umemwonyesha umesoma, umempa kitu cha kwako, na umemwachia la kujibu. Atakujibu. (Naam, wao hutumia unga uliopikwa kwanza, ndiyo siri.) Kesho yake anapita kwako kutazama nawe unapika nini. Maoni nayo hupigiwa kura na kulipwa kama machapisho, ingawa hilo si la kutegemea.

Dada aliuliza ahesabu nini. Dola asizihesabu kila siku, ni kama kupima maji ya bahari kwa kikombe: bei ya HIVE sokoni ikishuka, malipo yanashuka na wewe hukukosea kitu. Ahesabu watu waliorudi. Daftari la kawaida, la mkononi, safu tatu: jina la mtu, chapisho la kwanza alilotolea maoni, na tarehe aliporudi mara ya pili. Mwisho wa mwezi wakifika watu 6 waliorudi bila kuitwa, mambo yanakwenda hata kama pesa ni senti. Wakiwa sufuri na machapisho ni 8, hapo tatizo ni moja kati ya mawili: ama hatoi maoni kwa wengine, ama anachapisha mahali pasipofaa. Picha za chakula zipelekwe kwenye jumuiya ya chakula, siyo kutupwa hewani na vitambulisho (tags) kumi. Kila jumuiya ina kanuni zake zimeandikwa pembeni. Nyingine zataka maneno 250 kwenda juu, nyingine hazitaki lugha fulani. Dakika tano za kusoma kanuni zaokoa wiki nzima ya kununa.

kibanda_cha_pesa

Mie nina la kutoa pesa, kwa ufupi, maana hapa ndipo watu huliwa.

Usitoe kila ukipata dola 1, ada zitaimaliza njiani. Acha HBD ifike 20 au 30. Ikingoja, iweke kwenye akiba ya humo humo Hive: ina riba inayopangwa na mashahidi wa mtandao (wanaouendesha kwa kuchaguliwa na wenye hisa), na kuitoa akibani huchukua siku 3, ambazo pia ni kinga, kwani mwizi hawezi kuikomba usiku mmoja.

Siku ya kutoa, uza HBD upate HIVE kwenye soko la ndani, hilo ni la papo hapo; njia ya kubadilisha kwa mtandao wenyewe huchukua siku 3 na nusu na bei yaweza kukugeuka. Peleka HIVE kwenye soko la sarafu linaloipokea. Wanakupa jina la akaunti NA memo. Memo ndiyo inayowaambia pesa ni zako, kwa sababu wateja wote wanatumia akaunti moja. Ukiisahau, HIVE inafika lakini haina mwenyewe, na kuidai ni kuandikiana barua wiki kadhaa ikiwa una bahati. Basi tuma HIVE 1 kwanza. Ikionekana, tuma iliyobaki. Kisha badilisha iwe USDT (sarafu nyingine iliyofungamanishwa na dola), uiuze moja kwa moja kwa mtu mwingine, ulipwe M-Pesa.

Mnunuzi akisema ametuma, usiamini SMS. SMS hughushiwa, hata jina la mtumaji. Angalia salio lako mwenyewe kwa *334# ndipo uachie USDT. Jina lililotuma M-Pesa liwe lile lile lililoandikwa kwenye akaunti ya mnunuzi. Likiwa jingine, usiachie, kwani huenda ni pesa ya mtu aliyetapeliwa kwingine na itarudishwa. Akikuharakisha sana, hiyo nayo ni dalili.

Kodi: ile asilimia 3 ya mali za kidijitali iliyoanza Septemba 2023 iliondolewa na Sheria ya Fedha ya 2025, badala yake kukawa na ushuru wa asilimia 10 juu ya ada zinazotozwa na watoa huduma. Yaani hukatwa kwenye ada, si kwenye mtaji wako. Mapato yenyewe bado ni mapato kama mengine, weka kumbukumbu zake.

binti_tudor

Shukran nyote, Mungu awazidishie. Nimebakisha matatu. Kuna kundi linasema kila mtu awapigie wenzake wote kila siku, je, lina faida? Pili, wakati mwingine akaunti inakataa kutuma maoni, yaandika kwamba rasilimali hazitoshi. Ni kufungiwa huko? Tatu, mtu akipumzika mwezi mzima wa Ramadhani anapoteza nini?

fundi_makupa

La tatu kwanza, ni jepesi. Hapotezi hisa, wala jina, wala wafuasi. Nguvu ya kura hujaa baada ya siku 5 na ikishajaa hukaa hapo hapo ikingoja, kwa hivyo anachokosa ni fungu dogo la malipo ya kupiga kura, na kwa mgeni hilo ni vumbi. Akipenda, aandike machapisho manne Shaabani na kuyapangia tarehe. PeakD na Ecency, programu za kuandikia Hive, zote zina sehemu ya kupanga. Lakini asipange yatoke wakati hatakuwepo kujibu maoni. Bora chapisho moja kwa wiki, litoke baada ya tarawehe akiwa macho.

Rasilimali: hujafungiwa. Kila tendo, kuandika, kutoa maoni, kupiga kura, hula kitu kiitwacho RC, na kiasi chake hutegemea Hive Power uliyonayo. Akaunti mpya ina kidogo sana, maoni machache tu yameimaliza. Hujaa tena taratibu, siku 5 kutoka sifuri. Dawa ni mbili: umwombe mtu au jumuiya ikukopeshe RC, wengi hutoa bure kwa wageni wanaoandika vizuri, au malipo ya miezi miwili ya kwanza uyachukue yote kwa Hive Power, kuna kitufe cha asilimia 100 pale unapochapisha. Ukishakuwa na Hive Power kama 30 au 50 hutaikumbuka tena shida hiyo. Nakuomba usirefushe maoni kwa kubandika vijipicha na mapambo, maana urefu nao hula RC.

mzee_wa_kibokoni

Kuhusu kundi la kupigiana: kaa nalo mbali. Hesabu yenyewe haifai. Wageni 20 wenye kura za uzito wa sifuri wakipigiana kila siku, jumla bado ni sifuri, na kila mmoja amemaliza nguvu zake kwa vitu asivyovisoma. Baya zaidi, mpangilio huo huonekana wazi, kila kura imeandikwa kwenye blokucheni (daftari la wazi la mtandao) na saa yake, na wakaguzi hawahitaji kuuliza mtu. Anayekwambia utume dola 10 akupe kura, mlaze kwenye orodha ya matapeli bila kusubiri ushahidi.

Kura yako mwenyewe isikutie wasiwasi. Kwa sasa haina thamani ya pesa, kwa hivyo wapigie unaowasoma kweli. Watu hutazama nani kawapigia hata kama haikuongeza senti.

mwalimu_bamburi

Niongeze moja nililolisahau, na ni la kuzingatia kabla hujabonyeza kitufe. Chapisho likishapigiwa kura halifutiki, na hata ukilihariri, toleo la kwanza hubaki kwenye blokucheni kwa yeyote anayejua kulitafuta. Kwa hivyo picha ya watoto wakiwa na sare yenye jina la shule, namba ya simu iliyoandikwa kwenye bango la kibanda cha mama wa mahamri, namba ya nyumba mlangoni, hayo yazibwe kwenye simu kabla ya kupakia. Fungua picha, ikuze, ipitie pembe zote nne. Pembe ya chini kulia ndiyo wanayoisahau, huwa pana kivuli cha mpigaji na mara nyingine risiti mezani.

Na kwa kuwa mzee kaniambia lugha mbili ni mzigo, nimekubali nusu: muhtasari juu mwezi wa kwanza, tafsiri kamili akishazoea. Lakini asiandike Kiingereza kitupu, jamani. Wanaoandika kuhusu mahamri kwa Kiingereza wamejaa, na nusu yao wanayaita "donati".

mzee_wa_kibokoni

Donati! Haya mwalimu, hapo tumepatana.